Unataka kuwa fundi wa mikate? Jifunze kazi ya pili mbele ya kujenga furu

Goma, Bukavu, Butembo, Bunia: katika miji hii yote, asubuhi mapema wamama wako tayari na mabeseni kwenye mulango wa bulanjeri, wanangojea mikate ya kwanza. Vijana wengi wanaona ile mistari na wanajiambia kwamba hakuna kazi ya hakika kupita ile, kwa sababu watu wanakula kila siku. Ni kweli, watu wanakula kila siku. Lakini fundi wa mikate hauzi kila siku, na mara nyingi mambo yanayomusimamisha hayatoki kwake.

Habari hii ni ya kijana, muvulana ao musichana, ambaye anajifunza kazi ya mikate ao anafikiria kuianza. Hatumukatazi. Tunamuuliza tu: siku furu itazimika, atafanya nini?

Kwanza unga. Karibu ngano yote tunayokula huku mashariki inatoka inje. Zamani ngano ililimwa katika milima ya Lubero, lakini leo bulanjeri ya Butembo haiwezi kuishi kwa mavuno ya pale. Unga unaingia kupitia Kasindi, Mahagi, vizuizi vya Goma na Ruzizi, na sehemu yake kubwa inatokana na ngano iliyoshushwa kwenye bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipandisha bei ya ngano ulimwenguni kote. Mwaka ule ule, mwezi wa sita, Bunagana ilianguka katika mikono ya M23. Mutu wa Goma alipata mapigo mawili bila kufanya kosa lolote. Tena mufuko wa unga unahesabiwa kwa dola, lakini mukate unauzwa kwa franga. Dola ikipanda, mama mwenye beseni hawezi kupandisha bei asubuhi ile ile, wateja watamukimbia. Ndiyo sababu mukate unabaki na bei yake lakini unakuwa mudogo. Kila mutu ameliona jambo hilo.

Kisha moto. Furu nyingi zinatumia kuni na makala, na bei ya makala inafuata barabara: ikifungwa, gunia linapanda. Umeme umesaidia katika sehemu fulani. Kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilianza mwaka 2015 na kina megawati 13,6, na kupitia kituo hicho watu wengi wa Goma waliweza kununua furu na mashini za kukanda zinazotumia umeme. Lakini waya wa umeme unapita katika maeneo ya vita. Ukikatika usiku wakati donge limeshaumuka, unatupa donge.

Jambo la tatu tunalijua sisi wa Kivu kupita wengine wote: kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto, na siku tano kisha, serikali iliomba sehemu kubwa ya muji wa Goma ihame. Watu walibeba godoro, sufuria na watoto. Hakuna aliyebeba furu. Mwisho wa Januari 2025 M23 ilikamata Goma, mwezi uliofuata ikaingia Bukavu, na benki zilifunga milango. Mwenye kuwa na deni la mashini alibaki na deni, bila benki na bila wateja.

Kwa hiyo kazi ya pili ya fundi wa mikate ipimwe kwa maulizo mawili. Je, itaendelea siku unga wa ngano umekosekana? Na je, ukikimbia, itakwenda pamoja na wewe? Kazi inayoanguka kwenye maulizo yote mawili haiko kazi ya akiba. Ni furu ileile yenye jina lingine.

Ukipima hivyo, mambo mengi ambayo watu wanashauri yanaanguka. Mandazi, chapati, sambusa, keki za ndoa: zote ni nzuri, na keki inaleta faida kubwa kwa kilo moja ya unga kupita mukate. Mutu anayejua kupamba keki hatalala njaa katika musimu wa ndoa. Lakini zote zinatoka katika mufuko uleule. Kufungua depo ya unga ni vilevile. Ni vizuri kuzifanya kama nyongeza, lakini usijidanganye kwamba uko na miguu miwili. Na moto? Vijana wengi wakiona biashara imekufa wanakimbilia kuendesha moto-taksi. Hatusemi ni kazi mubaya. Inalisha nyumba nyingi. Lakini kila mutu anaikimbilia siku ileile, mafuta yanapanda pamoja na makala, na kazi hiyo haitumii chochote cha yale uliyojifunza usiku mbele ya furu.

Mwenye kujenga furu

Kwa maoni yetu, kazi ya kwanza ya kufikiria ni hii, na watu wachache wanaifikiria. Fundi wa mikate anayejua kujenga na kutengeneza furu ana kazi hata siku ambayo yeye mwenyewe hapiki. Bulanjeri ikisimama kwa sababu ya unga, mwenyewe anatumia zile siku kutengeneza sakafu iliyopasuka. Na watu wakikimbia na kufika fasi mupya, kitu cha kwanza wanachohitaji ni jiko.

Siri za kazi hiyo haziko nyingi, lakini mujengaji wa nyumba wa kawaida hazijui. Simenti ya kawaida inapasuka ikikutana na moto mukali. Ndani ya furu wanatumia udongo wa mufinyanzi uliochanganywa na muchanga, pamoja na matofali ya kuchoma. Urefu wa mulango unapaswa kuwa karibu asilimia 63 ya urefu wa paa la ndani: mulango ukiwa na sentimeta 30, paa liwe karibu sentimeta 48. Mulango ukiwa murefu sana, joto linatoka. Ukiwa mufupi sana, moshi unabaki na moto haupumui. Chini ya sakafu wanaweka kitu cha kuzuia joto lisiende ndani ya udongo: majivu, muchanga, chupa tupu. Kwa watu wa Goma volkano imeshaleta kitu kizuri zaidi bila kulipisha: yale mawe mepesi yenye matundu mengi. Hewa iliyo ndani ya matundu inazuia joto kutoroka. Kisha kujenga, moto wa kwanza uwe mudogo sana, siku kadhaa mufululizo, mupaka maji yote yatoke ndani ya udongo. Mwenye haraka anapasua furu yake siku ya kwanza.

Na kijana aliyekwisha kuoka mikate ana kitu ambacho mujengaji hana. Anaweza kutupa unga kidogo kwenye sakafu, kuhesabu sekunde mupaka ugeuke rangi ya kahawia, na kusema kama furu inapika sawasawa kushoto na kuume. Anajua mikate ya nyuma inaungua kwa sababu gani. Muteja analipa kwa ajili ya jicho hilo.

Anayependa vyuma ashike upande wa pili: kusudi, kulehemu, furu za pipa, milango, sahani za kuokea. Anayependa umeme ajifunze kubadilisha rezistansi, swichi na mota ya mashini ya kukanda. INPP, ambayo iliundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha kazi za mikono, inafundisha umeme na mekanika, na iko Goma na Bukavu. Miezi michache pale, jioni ukiendelea kukanda, ni akiba kubwa kupita mashini moja ya zamani iliyonunuliwa kwa deni. Koleo na bisibisi zinaingia ndani ya mufuko mudogo.

Muhogo, viazi na ile harufu ya fufu

Njia ya pili inapunguza ngano bila kuiacha kabisa. Hapa kuna maneno mengi ya uongo, basi tuseme wazi. Muhogo hauna ile nguvu inayoshika hewa ndani ya donge la ngano. Mukate wa muhogo mutupu hauumuki kama tunavyozoea. Lakini ukiondoa sehemu ya unga wa ngano, asilimia 10 ao hata 20, na kuweka unga wa muhogo, mukate unakaa mukate. Nigeria ilijaribu kufanya hivyo kwa inchi nzima katika miaka ya 2000, na serikali ilitaka asilimia 10 ya muhogo ndani ya unga wa bulanjeri.

Shida kwetu ni kwamba mutu anachukua unga wa fufu uliouzwa sokoni, anautia ndani ya mukate, kisha anashangaa kuona wateja wanakunja pua. Muhogo wa fufu umelowekwa siku kadhaa. Umechacha na una uchungu wake na harufu yake. Muhogo wa mukate haulowekwi. Unavunwa, unamenywa, unaoshwa, unakunwa, unakamuliwa na kuanikwa haraka, yote mbele ya kuanza kuchacha. Inatakiwa pia muhogo mutamu, si ule muchungu. Kule Kalambo, karibu na Bukavu, kituo cha uchunguzi wa kilimo cha IITA kimewahi kufundisha vijana kugeuza muhogo na mazao mengine kuwa vyakula vya kuuza.

Kijana anayejua kutengeneza unga wa aina hiyo hauzi mukate tu. Anauzia mabulanjeri mengine, na siku ngano inapopanda bei, yeye ndiye anayetafutwa. Angalia namna kazi hiyo inageuza hatari: kitu kinachoua jirani kinamuletea yeye wateja.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vinakwenda mbali zaidi. Vinapikwa, vinapondwa, na uji wake muzito unaweza kuchukua hata theluthi moja ya fasi ya unga. Donge linakuwa na maji tayari, basi punguza maji ya kukandia, ukisahau litakushikamana mikononi. Ngambo ya mupaka, Rwanda, wamekwisha kuuza biskuti za viazi hivyo madukani. Kwetu viazi vinaoza barabarani kati ya shamba na soko, na mutu anayevigeuza karibu na shamba haogopi barabara sana kama yule anayesafirisha magunia mabichi.

Maziwa, kakao na kahawa

Kukanda mukate kunafundisha kitu ambacho hakionekani: kuchunga chachu na kuchunga joto. Ujuzi ule unatumika fasi nyingine. Kutengeneza yawurti, kwa mufano, ni kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe mupaka karibu digri 45, kuweka kidogo ya yawurti ya jana, na kuyafunika kwa masaa sita hivi. Mutu aliyezoea kuchunga donge usiku katika baridi ya Masisi ao Lubero atayaelewa siku moja. Fromaji ya Masisi, ile ambayo watu wanaiita fromaji ya Goma mupaka Kinshasa, inaomba uvumilivu zaidi, pamoja na usafi mukali. Lakini ng’ombe nao wanakimbia, ao wanaibwa. Kwa ulizo la pili, kazi hiyo inapata nusu ya alama.

Upande wa Beni kuna kakao. Mbegu zinachacha kwa siku tano mupaka saba ndani ya masanduku, zinapata moto zenyewe mupaka karibu digri 50, na mutu anazigeuza kama anavyokunja donge. Mutwanga kuna kiwanda kidogo cha shokola, kinachotumia umeme wa maji ya Virunga. Ni mufano muzuri, hata kama nafasi za kazi pale haziko nyingi, na hata kama katika mashamba ya kakao ya Beni watu bado wanauawa. Hatuwezi kushauri mutoto wa mutu kwenda kule bila kusema jambo hilo.

Kukaanga kahawa kunafaa mutu yeyote mwenye furu. Kahawa ya Idjwi, Kalehe na Kabare inatoka inchini ikiwa mbichi, na wengi kati yetu tunakunywa kahawa ya kopo. Kiasi kidogo kilichokaangwa vizuri na kusagwa siku ileile kinauzwa mbele ya ofisi na vyuo.

Jikoni kwa watu wengine

Kuna pia kazi ambayo haihitaji mutaji hata kidogo: kupika. Hoteli, restora, kantini za shule na za mashirika, ndoa na matanga. Mupishi anayejua pia mikate anachukuliwa mbele ya yule asiyejua. Na mupishi anaweza kukimbia na kazi yake kichwani. Wakongomani wengi walioingia Uganda walikuta kwamba sheria ya kule ya mwaka 2006 inaruhusu mukimbizi kufanya kazi. Yule aliyejua kupika alianza na sufuria moja.

Lakini kwa kufanya hivyo unapaswa kujua kupika kweli: mchuzi kwa watu 200, wali usiopondeka, samaki, bei ya sahani moja. Kijana anayefanya kazi bulanjeri ajitolee siku za ndoa, hata kwa kuosha sufuria, na afungue macho.

Mizani mbele ya furu

Kitu kingine ambacho fundi wa mikate anaweza kubeba popote ni hesabu. Tuchukue mufuko mumoja wa kilo 50. Ukiweka maji litre 30, chumvi kilo moja na levire, unapata donge la karibu kilo 81. Ukilikata kwa gramu 100, unapata vipande karibu 810. Ukilikata kwa macho, na kila kipande kinazidi gramu 10 tu, unapata karibu 736. Mikate zaidi ya 70 imepotea, na hakuna aliyeiiba. Mara nyingi ndiyo faida yote ya mufuko.

Mizani midogo inagharimu kidogo sana ukilinganisha na furu. Pamoja nayo, daftari: unga, levire, makala, mikate iliyorudi, deni za wamama. Kijana aliyechunga daftari kama hilo mwaka muzima, vizuri, anaweza kuomba kazi ya kuchunga depo, ya kupokea vitu, ya kuhesabu katika duka lolote la muji. Patroni wanatafuta mutu wa hivyo na hawamupati. Tena daftari hilo ndilo atakaloonyesha siku atakapoomba mukopo.

Tena kuna kifua. Vumbi la unga linaleta asma kwa watu wengine, hata kisha miaka mingi ya kazi bila shida. Alama yake ni hii: kikohozi, pua inayotiririka ao kubanwa na kifua siku za kazi, na kupata nafuu siku za kupumzika. Ukiona hivyo, nenda kwa munganga mbele haijakuwa mazoea ya mwili. Mwaga mufuko polepole bila kuukung’uta, usifagie kukiwa kukavu, funika mudomo na pua. Lakini kuna wale ambao wanapaswa kuacha kabisa, na kwao kazi ya pili haiko akiba tena. Itakuwa kazi ya kwanza. Mutu wa hivyo aepuke depo ya unga na kusaga kahawa, achague umeme, kulehemu inje, jikoni ao daftari.

Sasa kwa yule anayetaka kuanza mwezi huu. Fanya kazi kwa mutu mwingine kwanza, hata kama mushahara ni mudogo, na omba uzungushwe: kukanda, kukata, furu, mulango wa kuuza. Chagua kazi ya pili moja tu, si tano, na ujifunze mupaka watu wengine wakulipe. Ingia katika MUSO ao AVEC ya mutaa, uweke kidogo kila juma. Deni ya kikundi inahesabiwa na watu wanaokujua, na kikundi hakifungwi siku benki imefunga. Unapoanza kuuza wewe mwenyewe, tafuta makaratasi. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake zinatambua mufanyabiashara mudogo anayejitangaza tu, bila kuunda kampuni. Ukiwa na karatasi hiyo na patanti, yule anayekuja kila juma na kitabu cha risiti zisizoeleweka anakosa sehemu ya nguvu zake.

Na feza za kwanza ulizokusanya, usizijenge ndani ya ukuta. Nunua mizani, sahani za kuokea, koleo, daftari. Kodi furu ya mutu masaa ambayo yeye hapiki. Wengi wanakubali, sababu furu inabaki moto hata kisha mikate kutoka, na lile joto linapotea bure. Pika hivyo miezi sita, andika kila kitu. Kama kisha miezi sita daftari linaonyesha faida hata katika ule mwezi ambao unga ulipanda, tafuta kiwanja.